Likizo ya familia katika jumba la mawe Bagamoyo: kulichagua, kulikagua na kujipikia humo

Mwongozo huu ni wa familia inayotaka kukodi jumba zima la kale katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ikae siku tatu nne, ipike yenyewe na ilale yote chini ya paa moja. Hesabu zimepigwa kwa watu wanane, kwa mfano wazazi, bibi, shangazi na watoto wanne, wanaofika Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu asubuhi. Mkiwa wengi au wachache, zidisheni au punguzeni.

Kabla ya yote fahamuni mnaingia kwenye jengo la namna gani, maana karibu kila tatizo la wageni hutokana na kulitumia kama nyumba ya tofali na saruji ya juzi. Majumba mengi ya mawe ya Bagamoyo ni ya karne ya 19, enzi za biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na unene wake unafika nusu mita au zaidi. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba: ni vyembamba na virefu, mara nyingi chini ya mita tatu kutoka ukuta hadi ukuta. Mkileta godoro la futi sita kwa sita, mlango wa kabati hautafunguka.

Hatua ya 1: Chagueni tarehe kwa mwezi wa angani na kwa msimu

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo miezi ya kuepuka. Madirisha ya kale yana mbao tu bila kioo, kwa hiyo mvua ya upepo ikija mnafunga na kukaa gizani, au mnaacha wazi na godoro linalowa. Milango nayo huvimba. Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, ni baridi ya kupendeza na usiku mtahitaji shuka la kujifunika. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni joto kali, ila kuta nene husaidia mchana.

Jambo wanalosahau watu wa bara ni maji ya bahari. Bagamoyo ufuko wake ni wa mteremko mdogo, na maji yakipwa hurudi mbali sana. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, mambo hugeuka: hujaa kama saa nne asubuhi, lakini hayajai sana wala hayapwi sana. Kila siku saa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Familia yenye watoto wa shule inafaidika zaidi na wikiendi ya bamvua: asubuhi wanatembea kwenye mchanga mtupu, adhuhuri mnalala, saa tisa hadi saa kumi na moja jioni wanaogelea.

Kama likizo yenu inaangukia Ramadhani, njooni tu, lakini jueni kwamba mchana vibanda vingi vya chakula hufungwa, na kula barabarani mbele ya waliofunga ni utovu wa adabu. Jikoni kwenu ndiko kutakakowaokoa. Jioni, kwa upande mwingine, futari ya mtaani ni raha ya pekee.

Hatua ya 2: Mhojini mwenye nyumba kabla ya kutuma hela

Mpigieni simu, msiandikiane ujumbe tu. Kwenye ujumbe kila kitu "kipo". Maswali ya maana ni haya:

- Bei ni ya nyumba nzima au ya kichwa? Je, watoto wanahesabiwa?
- Vitanda ni futi ngapi kwa ngapi, na vyandarua ni vya kipimo hicho hicho? Chandarua cha nne kwa sita kwenye kitanda cha sita kwa sita hugusa ngozi, na mbu anauma kupitia matundu.
- Umeme wa LUKU unanunuliwa na nani, na siku mnaingia mita itakuwa na uniti ngapi?
- Simtank ni lita ngapi, liko wapi, na maji ya bomba hutoka siku zipi?
- Jiko ni la gesi au la mkaa, na mtungi ni kilo ngapi?
- Bibi atalala chini au juu? Choo cha chini kipo?
- Ndani ya ua kuna kisima? Kimefunikwa kwa nini?
- Amana ni kiasi gani, na inarudi lini?

Swali la ngazi lisipite hivi hivi. Ngazi za majumba haya ni za mawe, nyembamba, zenye vipandio virefu visivyolingana, na nyingi hazina pa kushika. Mtu mwenye magoti mabovu atapanda mara moja kwa siku, na kama choo kiko chini hiyo mara moja haitoshi. Ombeni picha ya ngazi ikipigwa kutoka juu kwenda chini, na picha ya jikoni. Mwenye nyumba anayetuma picha kumi za mlango wa nakshi na hata moja ya jiko anawaambia kitu.

Lipeni nusu, nusu nyingine baada ya kukagua. Kwa simu ni sawa, ila jina linalotokea wakati wa kutuma lilingane na la mtu mnayezungumza naye.

Hatua ya 3: Safari

Kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 70 kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga. Umbali si tatizo. Tatizo ni Ijumaa jioni kati ya Mwenge na Bunju. Ondokeni kabla ya saa nane mchana, au msubiri saa mbili usiku. Mnaotoka Tanga, Moshi au Arusha hamna haja ya kufika Chalinze: kateni Msata, barabara ya lami ya kilomita 64 inawaleta hadi Bagamoyo.

Fikeni mchana. Jumba la kale halikaguliki kwa tochi.

Hatua ya 4: Ukaguzi wa nusu saa, kabla ya kushusha mizigo

Anzeni juu, mmalize chini. Mmoja abaki na watoto barazani. Kazi ya baraza ni hiyo, kupokea watu kabla hawajaingia ndani.

Boriti. Inueni macho mtazame mahali boriti inapoingia ukutani. Hapo ndipo panapooza kwanza, kwa sababu ukuta una unyevu na ncha ya mti haipati hewa. Unga wa mbao sakafuni chini ya ncha, njia za udongo za mchwa, au boriti iliyolegea na kuacha mwanya ni dalili mbaya. Dari lililopinda kidogo katikati ni uzee tu. Dari lililopinda na kuwa na ufa mpya mweupe katika chokaa msilale chini yake wala juu yake. Ombeni chumba kingine. Hata kwenye dari zima, ndoo, madumu na masanduku mazito wekeni kandokando ya ukuta, wala msikusanyike ishirini chumba cha juu kucheza ngoma ya kuzaliwa. Ngoma ichezwe uani.

Kuta. Plasta inayomomonyoka chini, hadi usawa wa goti, yenye unga mweupe kama chumvi, kwa kawaida ni chumvi kweli. Unyevu hupanda kutoka ardhini, ukifika kwenye uso wa ukuta hukauka, chumvi inabaki na kusukuma plasta nje. Mahali palipopigwa saruji juu ya chokaa huwa pabaya zaidi, maana saruji inauzuia ukuta usipumue na maji yanatafuta njia ya ndani. Hili haliwadhuru ninyi kwa siku tatu, isipokuwa kwa mambo mawili: msisogeze godoro wala nguo zikagusa ukuta huo, na soketi iliyo kwenye ukuta wenye unyevu msiitumie.

Umeme. Nyumba ilijengwa kabla ya umeme, hivyo nyaya zilikuja baadaye na soketi ni chache. Washeni kila taa, jaribuni kila soketi kwa chaja ya simu. Anayegusa bomba la bafuni au friji akahisi mtetemo vidoleni aseme papo hapo: waya wa ardhi haufanyi kazi, na hita ya bafuni izimwe kwenye swichi kubwa mpaka fundi aje.

Kisima na madirisha. Kisima cha ua kiwe na mfuniko ambao mtoto wa miaka sita hawezi kuuinua. Dirisha la ghorofani lisilo na nondo mara nyingi linaanzia usawa wa goti, kwa sababu watu wa zamani walikaa chini kwenye mkeka kupunga upepo. Mtoto akisimama hapo kiuno chake kiko nje. Fungeni mbao za chini, acheni za juu wazi. Kitanda kisikae chini ya dirisha hilo.

Popo. Vinyesi vidogo vyeusi kwenye pembe za dari au kwenye ngazi vina maana kwamba wapo. Msifagie vikavu, nyunyizieni maji kwanza, futeni kwa kitambaa, tupeni.

Pigeni picha za kila kasoro mnayoikuta, mmtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Amana nyingi hupotea kwa ufa uliokuwapo tangu enzi za Sultani.

Hatua ya 5: Mlango mkubwa

Mlango wa nakshi una mbao mbili, na katikati kuna mhimili uliochongwa unaoitwa mfaa. Mfaa umepigiliwa kwenye ubao mmoja tu na unaufunika mwingine. Kwa hiyo ubao usio na mfaa hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Ukilazimisha kinyume chake unang'oa mfaa. Mlango ukivimba kwa unyevu, msiupige teke: mmoja auinue kidogo kwa pete, mwingine asukume chini karibu na bawaba.

Huu si urembo wa kawaida. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa na serikali, na jengo lililojengwa kabla ya 1863 ni kumbukumbu inayolindwa. Msitundike taulo mbichi kwenye nakshi, msibandike stika, na mtu akiwanong'oneza mtaani kwamba ana kipande cha mlango cha kuuza, mkatae.

Kwa sababu hiyo hiyo hakuna kupigilia misumari popote. Chokaa hukatika vipande vikubwa kuliko tundu mlilotaka. Vitu viwekwe kwenye vidaka, vile vishimo vya ukutani vilivyojengwa kwa kazi hiyo. Chandarua kisicho na ndoano tayari kifungwe kwa kamba kutoka dirisha hadi dirisha. Kuta zilizopakwa chokaa hupaka nguo. Mwenye kanzu nyeusi asiegemee.

Usiku mlango hufungwa kwa komeo na kufuli. Ufunguo ukae kidaka kimoja kinachojulikana na kila mtu mzima, ndani, karibu na mlango. Nyumba yenye nondo madirishani na mlango mmoja haitoki mtu moto ukiwaka, kama ufunguo uko kwenye suruali ya baba aliyelala.

Hatua ya 6: Hesabu ya maji na umeme

Maji ya kunywa na chai: lita 3 kwa kichwa kwa siku, yaani 24, na kwa siku tatu 72. Madumu manne ya lita 20 yanatosha. Maji ya matumizi: lita 50 kwa kichwa, 400 kwa siku. Simtank la lita 1,000 linaisha katikati ya siku ya tatu kama bomba la DAWASA halijatoka, kwa hiyo muulizeni mlinzi siku ya maji, na siku hiyo jazeni kila ndoo. Lita hizo 50 ni za kuogea kwa ndoo au bafu fupi. Kijana anayesimama chini ya bomba dakika kumi na tano anamaliza za bibi.

Maji ya kisima cha karibu na bahari yana chumvi. Yanafaa kumwaga chooni na kuosha miguu yenye mchanga. Sabuni haitoi povu, chai inaharibika ladha, na maharage mkiyachemsha kwa maji hayo yatatokota saa tatu bila kulainika. Wengi hudhani maharage ni ya zamani, kumbe ni maji.

Umeme bila kiyoyozi: friji uniti 1.5 kwa siku, feni tano za wati 60 kwa saa kumi uniti 3, birika la umeme mara nne karibu uniti 0.8, taa na pampu ya maji uniti 1 hadi 1.5. Jumla 6 hadi 7 kwa siku. Nunueni uniti 20 kwa kukaa kwote. Kiyoyozi kimoja kidogo kikilala kimewashwa saa nane kinaongeza uniti 6, kwa maneno mengine kinakaribia kuzidisha matumizi ya nyumba mara mbili. Na kwa kweli kiyoyozi katika vyumba hivi ni hasara: mbao za dirisha zina mianya, baridi inatoka, na ukuta unatoa jasho. Fungueni madirisha yanayotazamana jioni upepo wa bahari ukianza, mlale na feni. Kukicha na jua likipanda, fungeni mbao za upande wa jua. Ukuta mnene utatunza ubaridi wa usiku hadi alasiri.

Birika, pasi na jiko la umeme visichomekwe kwenye ekstensheni moja. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 pamoja vinapita uwezo wa ekstensheni ya ampea 13. Ikiwa ni ya bei rahisi plagi inayeyuka kabla swichi haijajikata. Nunueni LUKU mapema, na namba 20 za tokeni ziandikeni kwenye karatasi, si kwenye simu iliyoishiwa chaji.

Hatua ya 7: Jikoni

Jiko la asili la majumba haya lilikuwa uani, mbali na vyumba, kwa sababu ya moshi na moto. Palipogeuzwa kuwa na jiko la ndani, kuna hatari moja ambayo watu hawaifikirii. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni. Chumba cha zamani kina dirisha juu na kizingiti kirefu mlangoni, basi gesi inakaa humo kama maji kwenye beseni. Mtungi uwe uani kama mpira unafika, au karibu na mlango, umesimama wima. Pakeni povu la sabuni kwenye maungio yote: mapovu yakikua, funga, usiwashe. Mkihisi harufu, fungueni mlango, msiguse swichi ya taa, tokeni.

Mtungi wa kilo 6 kwa watu wanane unatosha siku tatu na ziada, mradi umejaa. Kujua, angalieni uzito wa mtungi mtupu uliochapwa kwenye kola, mpime kwa mizani ya duka la jirani. Bila mizani, mwagieni maji ya moto ubavuni kisha mpitishe kiganja: sehemu yenye gesi itabaki baridi.

Mkaa ni wa uani tu. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani kwa sababu ya mvua hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba chenye mbao zilizofungwa hakisamehe. Hata mkaa unaoonekana umekufa usilazwe ndani.

Vyombo vya kuulizia au kuja navyo: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, kinu na mchi, sufuria moja inayobeba kilo mbili za mchele, kisu kikali, ubao, beseni mbili, na chano. Nyumba nyingi za kupanga zina glasi za mvinyo na hazina mbuzi.

Vyakula vikavu njooni navyo: mchele kilo 5, unga wa ngano kilo 3, sukari kilo 2, mafuta lita 2, chumvi, viungo, majani ya chai, kiberiti katika kopo lililofungwa maana unyevu wa bahari hukiharibu. Nazi, ndimu, nyanya, mchicha, muhogo na ndizi mtavipata sokoni. Sukari na biskuti zikae kwenye vyombo vya kufunga. Sisimizi wa nyumba za chokaa hawana mlango, wanatoka ukutani.

Hatua ya 8: Samaki

Soko la samaki liko ufukoni, karibu na jengo la forodha la enzi za Wajerumani. Nendeni asubuhi, au wakati vyombo vinaporudi. Samaki wakubwa na mafungu makubwa huuzwa kwa mnada. Mgeni akitikisa kichwa ovyo anaweza kujikuta amenunua. Simameni pembeni mizunguko miwili mitatu mjue bei, kisha nunueni kwa mchuuzi anayegawa mafungu. Mtampa faida kidogo lakini mtachagua.

Kwa watu wanane: changu au samaki wengine wazima kilo 2.5, au jodari au nguru wa vipande kilo 1.5. Kamba wa Bagamoyo ni maarufu kwa haki, ila kumbukeni kilo moja yenye vichwa na maganda inabaki kama nusu. Nunueni kilo 3 kama ndio kitoweo pekee. Jicho liwe wazi na limejaa, shavu lifunuliwe lionekane jekundu, tumbo likibonyezwa lirudi. Jicho lililozama na shavu la kahawia, piteni. Lipeni vijana wawapaie magamba na kutoa matumbo huko huko. Mkifanyia nyumbani, harufu itakaa na kuwaalika paka wa mtaa mzima. Chukueni beseni lenye mfuniko na barafu, kilo moja kwa kila kilo mbili za samaki.

Wali wa nazi wa mlo mmoja: mchele kilo 1, nazi mbili kubwa, chumvi kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Kameni tui zito mliweke kando, halafu mkamue la pili na la tatu mpaka jumla ya maji yote iwe kama lita 1.5. Chemsheni tui jepesi, tieni mchele, yakikaribia kukauka mimineni tui zito, geuzeni mara moja. Kwa mkaa palieni juu ya mfuniko. Kwa gesi punguzeni moto hadi mwisho, funikeni, dakika 15 hadi 20. Wali ukiungua chini na juu ukiwa mbichi, gesi ilikuwa kali: sufuria nyembamba ziwekewe bati chini yake. Samaki wa nazi wa kilo 2.5 wanataka nazi mbili nyingine, na tui lao lisichemke likiwa limefunikwa, litakatika.

Mafuta yaliyobaki yasimwagwe kwenye sinki. Bomba la jumba la kale limepitishwa lilipopata nafasi, jembamba na lenye kona, na shimo la maji taka ni dogo. Matumbo ya samaki, nepi na pedi ni vya mfuko, na mfuko unatoka kila asubuhi.

Hatua ya 9: Kutoka

Msiwatembeze watoto kwenye magofu zaidi ya mawili kwa siku. La tatu hawalioni. Kaole, kilomita tano hivi kusini, yenye misikiti miwili ya magofu na makaburi, msikiti mkongwe zaidi ukianzia karne ya 13, iwe ya asubuhi saa mbili kabla ya jua kali. Nendeni kwa gari au bajaji na mchukue mwongozaji. Msifuate njia ya ufukoni peke yenu, na jioni msitembee ufuko usio na watu mkiwa na simu mikononi. Misheni ya Katoliki, iliyoanzishwa 1868, ina makumbusho na kivuli cha miembe, hivyo inafaa hata saa sita. Mwili wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone, uliobebwa na watumishi wake akina Chuma na Susi kutoka bara, ulilazwa hapo Februari 1874. Boma la Wajerumani la 1897 na Ngome Kongwe viko kwa miguu kutoka nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Bebeni vitambulisho, kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni, na sehemu za serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba kupitia simu, si taslimu.

Kuogelea: si mbele ya soko la samaki. Maji ya Bagamoyo yana rangi ya udongo kwa sababu Mto Ruvu unamwaga karibu, kaskazini ya mji. Si uchafu, lakini hamwoni mnachokanyaga. Wafundisheni watoto kuburuza miguu wakiingia, samaki taa aliyejizika mchangani akisikia mtikisiko hukimbia. Akimchoma mtu, mguu uingizwe kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa na nusu, huku mkielekea hospitali. Kutoka nyumbani hadi ufukoni wanawake wajifunge khanga na wanaume wavae shati. Mji huu una misikiti mingi na wazee wanaokaa barazani. Anayepita bila salamu anakumbukwa kwa siku zote tatu.

Hatua ya 10: Kuondoka

Anzeni saa mbili kabla. Suuzeni mchanga wa miguuni kwenye ndoo uani, siyo bafuni. Fagieni ngazi kuanzia juu. Fungeni gesi kwenye mtungi wenyewe, wala si kwenye jiko tu. Friji iachwe tupu, imezimwa, mlango wazi kidogo, la sivyo hewa ya chumvi na giza huiotesha ukungu ndani ya siku mbili. Vyandarua vifungwe mafundo juu ya vitanda. Mashuka mabichi yasirundikwe juu ya godoro.

Someni mita ya LUKU pamoja na mlinzi, muandike namba zote mbili, ya kuingilia na ya kutokea, kwenye karatasi moja. Pitieni naye chumba kwa chumba mkiwa na zile picha za siku ya kwanza. Amana ihesabiwe hapo hapo mlangoni, kabla gari halijapakiwa, kisha ubao wenye mfaa ufungwe kwanza.